Uso wa Mtani

"Bibi, jifanye hunijui," Wende aliniambia. "Wewe umeamka tu, unataka maji ya moto. Mimi simo humu ndani."

"Nitajifanyaje sikujui, na nimekuosha kinyesi?"

Vijana wenzake wakacheka, hata yule mwenye miwani ya kazi ambaye huwa hacheki. Tulikuwa kwenye ghala la zamani la tumbaku, hapa kijijini kwetu upande wa Songea, ambako mjukuu wangu na kundi lake wanatengenezea Bega. Nyuma yangu walikaa wazee wenzangu kwenye mabenchi, wamevaa nguo za kanisani kwa sababu waliambiwa kuna majaribio.

Niliweka kiganja kwenye kisanduku cha ukutani. Kikapata joto kidogo.

"Shikamoo, bibi," kilisema.

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Nashukuru kusikia. Maji yanachemka."

Kikanyamaza. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Fridolina Haule, ambaye hukosoa hata mahubiri, alisema, "Hiki kimelelewa."

"Akishasema salama, kinafunga sikio," Wende alieleza. "Hatutaki kiwachokonoe watu wazima."

"Vizuri sana," tukasema wote.

Niseme Bega ni nini. Ni mfumo endeshi. Nilipouliza maana yake, Wende aliniambia kwamba mashine ikiwashwa, kuna kitu kinachoamka kabla ya vingine vyote, kinaamsha wenzake na kuwagawia kazi. Nikamwambia huyo ni mimi kabla goti halijaharibika. Siku hizi nyumba nzima inaamshwa hivyo, jiko, pampu, vigae vya jua kwenye paa, na kisanduku kinachosema. Watu wengi walikuwa na mfumo wa kampuni. Ni mtamu, sikatai. Unajua unachotaka kabla hujakitaka. Lakini unajua kwa sababu haulali. Unasikia kutwa kucha, na unachosikia unakipeleka kwa wenyewe. Bega hatuuziwi, na zaidi ya hapo ni huria: ukitaka kuufungua uone ulivyo ndani, unaufungua, unaubadilisha, unampa jirani. Kilichosikika ndani ya nyumba kinabaki ndani ya nyumba, isipokuwa neno ambalo mwenyewe ameruhusu limfikie mwanawe. Na usipoweka kiganja, hausikii kitu.

Shida yake ni kwamba ulitengenezwa na vijana, ukawafaa vijana. Ndipo Wende akaja na jambo la nyuso. Mwili ule ule, uso tofauti. Seremala alitaka uso usio na maneno, unaokubali kuamriwa kwa kugonga ukuta, maana mikono yake ina gundi. Masista walitaka unaonyamaza saa za sala. Watoto walitaka unaocheza nao. Sisi wazee tulisema kwanza uamkie. Kundi nalo lilijiwekea sheria moja: hakuna uso unaobadilishwa mpaka wanaoishi nao wakubali. Wazee wakanipa mimi neno lao nilishike. Si kwa akili, ni kwa sababu nyumba yangu iko karibu na ghala.

Mvua za kwanza zilipoanza, wazee wengi wa kijiji walikuwa wameshang'oa mfumo wa kampuni. Kila asubuhi vilima vyote vilikuwa vinaamkiwa.

*

Editruda Kikoti ni Mhehe. Aliletwa huku na ndoa, mume akafa, mwanawe wa pekee akahamia Mbeya, yeye akabaki kama vile amezaliwa hapa. Mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, ndipo tukawa watani. Namtukana ananitukana, hanuni mtu. Siku ya msiba kwangu yeye ndiye anayefika wa kwanza kuharibu kilio kwa vichekesho vyake.

Siku ile nilikwenda kumtukana kuhusu kuku wake waliomaliza mchicha wangu. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta amekaa chini kando ya jiko, mgongo ukutani, miguu imevimba inang'aa kama imepakwa mafuta. Alikuwa anavuta hewa kwa mdomo.

"Mla mbwa," nikasema, "hata kufa kumekushinda."

Nilisema hivyo kwa sababu mdomoni hapakuwa na neno lingine. Akainua macho.

"Nakungoja wewe," alisema, neno moja kwa pumzi moja. "Sitaki... kuzikwa na... mla panya."

Niliweka kiganja kwenye kisanduku chake nikakiambia kiite zahanati. Ndege yao isiyo na rubani ikaja juu ya mikaratusi, ikatua kwenye uwanja wa kuanikia mahindi, kuku wakakimbilia chini ya kitanda. Nesi alishuka na kitanda chembamba. Nilipanda naye. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege ile, na sikumbuki nilichokiona chini, nilikuwa naangalia kifua cha Editruda kikipanda na kushuka.

Ni moyo, daktari alisema. Ulikuwa umechoka kwa muda, maji yakajaa mwilini. Angekuja mapema angepewa dawa akarudi kwake kwa miguu.

Wende alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza kwangu, alimwendea mgonjwa, akapiga magoti, akamwomba ruhusa ya kusikia kisanduku chake kimehifadhi nini. Editruda akafumba macho na kuyafumbua, maana yake ndiyo. Tukasikiliza palepale kando ya kitanda, kwenye kifaa cha mkononi cha Wende, sauti imepunguzwa.

"Umeamkaje?" kiliuliza kisanduku.

"Salama, mwanangu, ila..."

"Nashukuru kusikia. Maji yanachemka."

Asubuhi nyingine.

"Salama tu, ila hii mi..."

"Nashukuru kusikia. Maji yanachemka."

Wende alizima. Hakulia, ila aliendelea kushika kile kifaa kwa mikono miwili kama anazuia kitu kisimwagike.

Sisi ndivyo tunavyosalimiana. Mtu ana maiti ndani, ukimuuliza habari atasema nzuri, halafu ndipo atasema tumefiwa. Hutaji msiba kabla ya salamu, ni kukosa adabu. Hakuna aliyemwambia Wende jambo hilo, na nani angemwambia? Naye anasalimia hivyo hivyo tangu aanze kusema. Alipoandika zile amri za mashine, alidhani salama ni jibu. Na sisi tuliokaa nyuma kwenye mabenchi tukasema vizuri sana.

*

Gervas, mtoto wa Editruda, alikuja kutoka Mbeya. Ni mtu mpole, anafundisha hesabu, na upole wake siku hiyo ulikuwa umekaza kama kamba.

"Bibi Sixta," aliniambia tukiwa kwenye baraza la zahanati, "mimi kila asubuhi nilikuwa napata neno kutoka kwa mama kupitia hicho kisanduku chenu. Mama salama. Mama salama. Nikawa natulia, naenda zangu kazini. Sasa mama harudi kwenye ile nyumba. Nakwenda naye Mbeya."

"Mbeya atafanya nini?"

"Atakaa. Ama arudi kwake, lakini nyumba iwekwe mfumo wa kampuni. Ule angalau unasikia."

Wende alikuwa amesimama karibu. "Upo mwingine," alisema.

Alikuwa ameshautengeneza, kwa siku chache alizokuwa halali vizuri. Aliuita sikio la ndani. Ulikuwa Bega ule ule, lakini haungoji kiganja. Unasikiliza pumzi ya mtu akiwa usingizini, unasikiliza miguu yake sakafuni, unajua ikianza kuburutwa. Ukiona mambo yamekwenda vibaya unaita zahanati wenyewe, hata mwenye nyumba akisema usiite. Na hausemi nje lolote zaidi ya hilo.

Gervas alivuta pumzi ndefu. "Ukiwa na huo, arudi kwake hata kesho."

"Na watoto wote walioko mijini watataka wazazi wao wawe nao," alisema yule kijana mwenye miwani, ambaye alikuwa amemleta Wende. "Hapo tumewapita kampuni."

Wakaniangalia mimi. Neno la wazee lilikuwa kwangu.

Nilimvuta Wende pembeni, kwenye bomba la kunawia.

"Umemuuliza Editruda?"

"Bibi, sema ndiyo tu. Nakuomba."

"Nimekuuliza, umemuuliza?"

"Nikimuuliza atasema salama," alisema mjukuu wangu.

*

Nilikwenda kumwona Editruda asubuhi iliyofuata. Nesi alikuwa kando ya kitanda chake.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama, mwanangu."

Nesi akaandika, akaenda kitanda cha pili. Nikakaa.

"Mla mbwa, bado unakula vyakula vya serikali tu? Kitanda hicho wanakitaka wagonjwa."

"Nitatokaje, na hizi dawa zao zinanikojoza kama mbuzi jike? Wewe umekuja kuiba sabuni yangu."

"Sabuni unaijulia wapi wewe. Umelala?"

"Sijalala. Nikilala chali kifua kinabana, nimekaa macho mpaka jogoo. Mguu huu wa kushoto nao ni wa mtu mwingine, siusikii."

Niligeuka kumtazama yule nesi, ambaye alikuwa anaandika salama ya kitanda cha pili. Nikamwita, Editruda akarudia maneno yale huku amenuna, nesi akamwongezea mito na kumwita daktari aangalie mguu.

Tulipobaki wawili nilimweleza habari za sikio la ndani. Nilimweleza polepole, bila kupunguza kitu. Nikamwambia kwamba akilikubali, mwanawe anamrudisha nyumbani mara moja. Akawa anavuta uzi wa shuka.

"Sixta," alisema. Huwa haniiti jina, ndiyo maana nilijua kwamba utani umewekwa kando. "Kuna asubuhi nalia. Si ugonjwa. Namkumbuka marehemu, nakumbuka mama yangu kule Kilolo alivyokuwa ananifunga kitambaa kichwani, basi nalia kidogo, nanawa uso, natoka kuwapa kuku. Na hiyo nayo itaita ndege?"

"Sijui."

"Kile kilio ni changu mimi."

"Ukianguka je?"

"Nitaanguka. Lakini mimi sikuficha, umesikia mwenyewe. Nilisema ila. Kila siku nilisema ila." Akapumzika kidogo. "Niulizwe. Nikikataa kusema, nimekataa. Lakini niulizwe na mtu anayetaka jibu."

"Mtu kama nani?"

"Kama wewe, mla panya. Una nini cha maana zaidi ya umbea?"

*

Wende alinisikiliza akiwa amekaa sakafuni ghalani, mgongo kwenye nguzo, kama alivyokuwa anakaa akiwa mdogo nikimsuka.

"Mashine itukane wazee," alisema.

"Itanie. Si kutukana."

"Bibi, sikio limeshakamilika. Limeandikwa, limejaribiwa, linafanya kazi. Unaniambia nilitupe, niweke mashine inayomwita Bibi Editruda mla mbwa."

"Nesi anamuuliza kwa heshima, naye anajibu kwa heshima. Mimi namkosea adabu, ananiambia mpaka habari za mkojo. Ndivyo alivyo. Ndivyo tulivyo wengi. Mtani hasikii salama akaondoka. Anabaki, anachokoza, na wewe huwezi kumwonea haya."

"Na ukimwambia aondoke?"

"Anaondoka. Mtani hakai juu ya kifua cha mtu."

Alitazama mikono yake. "Mtu anaweza kusalimiwa asubuhi, akasema vizuri kabisa, akaanguka mchana. Sikio lingesikia. Mtani wako hatasikia."

"Hatasikia."

"Na kama huyo mtu ni wewe?"

Nilikuwa nimeliwaza swali hilo tangu zahanati, njia nzima. Nilijua anachoona. Ananiona mimi kando ya jiko, mgongo ukutani.

"Basi nitakuwa mimi," nikasema.

Hapo ndipo alilia. Nilishuka kwenye kiti, goti likalalamika, nikakaa naye sakafuni, nikaweka kichwa chake mapajani. Nywele zake zilinuka moshi wa nyaya.

"Mke mwenza," nilimwambia, maana ndivyo ninavyomwita tukiwa wawili, "ukinisikiliza nikiwa sijui, utazijua pumzi zangu zote. Lakini mimi utakuwa huongei na mimi tena. Hutakuwa na haja."

"Nina haja," alisema, sauti imezama kwenye kitenge changu.

"Basi niulize. Kila siku. Unichoshe."

*

Kuutengeneza uso ule kulikuwa na kelele. Wazee walikuja ghalani kutoa matusi yao, wengine matusi waliyokuwa wameyaweka tangu ujana. Kila mtu alichagua mtani wake, Mmatengo kwa wake, Myao kwa wake. Vijana walirekodi huku wanageuza nyuso kwa aibu. Seremala alikuja kusema na yeye anataka, akaambiwa akanawe gundi kwanza. Fridolina alikataa katakata. "Mimi nisitukanwe na ukuta," alisema. Kisanduku chake kilibaki na adabu zake, ila Wende alikifundisha kisifunge sikio kwenye salama. Kingoje.

Kungoja ndiko kulikokuwa kazi kubwa. Mashine haijui kunyamaza, Wende alinieleza. Inajua kusema na inajua kuzima, lakini kukaa kimya ukiwa bado upo ni kitu cha kuifundisha. Aliniuliza ingoje kwa muda gani baada ya salama. Sikujua kuupima. Nikamwambia mpaka mtu ameze mate, halafu kidogo tena. Alikaa ananisalimia mchana kutwa, ananitazama koo.

Tukakubaliana na jambo moja zaidi, kila mzee kwa kiganja chake mwenyewe. Asubuhi ikipita hakuna aliyegusa kisanduku, kitaita kwa sauti. Kisipojibiwa, kitaita kwenye nyumba ya jirani, si kwa ndege. Jirani aje kwa miguu. Wengine walikubali, wengine walisema waachwe. Wende aliliondoa sikio la ndani huku nimesimama nyuma yake. Aligusa kioo mara moja, akakaa akikitazama.

Gervas alikuwa bado hajakubali. Alikuja nyumbani kwa mama yake kufungasha vyombo vya safari ya Mbeya, akaukuta uso mpya umeshawekwa, na Editruda kule wodini alikuwa ameshamwambia Wende aufundishe habari za ukoo wake. Akaweka kiganja ili awashe taa.

"Karibu, Mhehe wa Mbeya," kilisema kisanduku. "Mpaka mama augue ndipo umekumbuka njia?"

Gervas alisimama. Mimi nilikuwa naokota vikombe, nikaacha kuokota. Kisanduku hakikusema lingine. Kilingoja.

"Nimechelewa," alisema Gervas, taratibu, kwa ule ukuta. "Nilikuwa naambiwa salama, nikawa naona inatosha. Ilinifaa iwe inatosha."

Alikaa kwenye kigoda cha mama yake. Baada ya muda alianza kuvitoa vyombo kwenye sanduku, kimoja kimoja.

"Tujaribu," aliniambia. "Lakini mimi nami nitakuwa napiga simu. Na akiniambia salama, sikati."

*

Editruda alirudi kwake Jumamosi. Jumapili asubuhi na mapema mimi na Wende tulikuwa tumeshafika, tumekaa kwenye jiwe chini ya dirisha lake. Gervas alikuwa amelala chumba cha nje, tulisikia anavyokoroma. Wende alisema amekuja kuangalia kama kisanduku kinafanya kazi. Sikumuuliza kwa nini hakukiangalia akiwa ghalani.

Tukasikia slipa zikivutwa sakafuni. Kisha kimya, maana yake kiganja kimewekwa.

"Shikamoo, bibi," kilisema kisanduku. "Mla mbwa ameamkaje?"

"Marahaba. Salama."

Kikangoja. Wende alikuwa ameshika pindo la kitenge changu.

"Salama ya nyumbani au ya wageni?"

Kimya kingine. Nilimsikia Editruda akimeza mate, au nilidhani nimemsikia.

"Leo niache," alisema.

"Haya. Nakuacha. Maji yanachemka."

Basi, kikazima. Wende alinigeukia akiwa na macho yale yale ya ghalani. Midomo yake ilikuwa inaniambia bila sauti: kwa nini aachwe, ana nini, anaumwa wapi. Nilitikisa kichwa. Ndani ulianza kusikika ufagio. Ulifagia, ukasimama. Ukafagia, ukasimama kwa muda mrefu zaidi. Wende akawa anainuka. Nilimshika mkono nikamkalisha. Nilikuwa nimenyoosha shingo kuelekea dirishani kama kuku anayetafuta punje, nimezuia pumzi ili niisikie yake.

Ufagio haukuendelea.

"Nyie mlio hapo nje," ilisema sauti ya Editruda juu ya vichwa vyetu, yenye machozi kidogo na kicheko kidogo, "kampuni inawalipa kiasi gani?"

Tulitazamana. Wende alianza kucheka kwa aibu, amejifunika uso. Tukainuka, tukapangusa vumbi, tukazunguka mpaka mlango wa mbele ambao ulikuwa wazi, na tukapiga hodi.